Rundo la Kuni la Shemeji

Mlioniacha wiki iliyopita getini kwa mwalimu mstaafu, kamba begani na mbwa wake wakinionyesha meno, jueni sikuumwa. Mbwa walikuwa na adabu kuliko mwenye nyumba.

"Wewe ndiye dobi?" mwalimu aliniuliza kupitia tundu la geti.

"Ndiyo, mwalimu. Naomba ruhusa niokote kuni shambani kwako. Zilizoanguka tu. Sina panga, tazama mikono."

"Habari zako ninazo. Unaomba vijiti, unaondoka na miti."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mtu anayekujua vizuri. Ndugu wa mume wako."

Akafunga tundu. Hilo lilikuwa geti la tatu kufungwa usoni pangu, na kote jibu lilikuwa lile lile. Shemeji yangu alikuwa amepita kabla yangu, nyumba kwa nyumba, akinipaka matope.

Kwa anayekutana nami leo: mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo barabarani. Shuka la gesti halifuliwi kwa maji baridi, utalirudisha na siri zote za aliyelilalia. Linachemshwa kwenye pipa, na pipa bila kuni ni bati tu.

Mume wangu alikuwa muuza maziwa, anapeleka kwa baiskeli. Huu mwaka wa sita tangu atoweke. Asubuhi moja mama yake mzazi alisimama bombani akautangazia mtaa: "Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Kapanda baiskeli yake kaenda kwa mwanamke wake. Hata nyuma hakugeuka."

Sikuwa nimemaliza kulia, shemeji akahamisha uzio wake. Akameza kiwanja changu chote cha kuanikia. Eti kaka yake alimuuzia kabla ya kuondoka. Nikasema mbona kigingi cha mpaka kipo? Akasema kigingi gani, hakijawahi kuwepo. Tukaenda kuangalia, kweli, tukakuta matawi na magogo tu.

Tangu hapo mashuka yangu yanakaukia uchochoroni, juu ya mtaro wa maji machafu. Mama Gesti, mwenye nyumba ya wageni, huyanusa moja moja kabla ya kuyapokea. Juzi kanipa onyo la mwisho: nikipeleka tena shuka lenye harufu ya mtaro, kazi anampa mtu mwingine.

Mume nilimlaani. Shemeji nilimwekea kinyongo. Na kinyongo changu hakichachi, kinakaa.

Sasa nilikuwa natoka kwa mwalimu, hasira zimenifika kooni, nikapita kando ya uzio wa shemeji. Nikaliona lile rundo.

Nilikuwa naliona kila siku, lakini siku hiyo nililitazama. Matawi, magogo, mizizi iliyong'olewa, limepanda juu kuliko kichwa cha mtu, pale pale kwenye kona ambapo kiwanja changu kilikuwa kinakutana na shamba lake.

Shemeji yangu ni mtu wa kuuza. Anauza chupa tupu. Anauza samadi. Akikata kucha anafikiria bei. Lakini lile rundo hajaliuza, hajalichoma, hajampa mtu hata kijiti cha kuchokonolea meno. Ukimwomba anasema, "Pale pana nyoka."

Nyoka gani hao, miaka yote hawafi, hawazai, hawahami?

Nikasimama katikati ya njia kama niliyepigwa kofi. Kigingi! Kile kigingi cha saruji tulikisimamisha wenyewe, mume wangu anakoroga, mimi nabeba maji. Hakikung'olewa. Kimefunikwa.

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Dawa ya moto ni moto, na mimi kazi yangu ni moto.

Kwetu kuni za kuokota zina utaratibu wake. Unaomba kwa mdomo, getini. Huingii na panga wala shoka. Ukiwa ndani, geti linaachwa wazi, ili kila apitaye aone unachochukua. Ukitoka, mzigo unapita mbele ya nyumba, unautua, mwenye shamba anautazama, anasema "nenda". Na ruhusa iliyotolewa mbele ya watu hairudi nyuma mpaka mwombaji mwenyewe aseme imetosha. Anayeirudisha, mtaa mzima humgeuzia mgongo.

Mbele ya watu. Hapo ndipo nilipomtegea.

Shemeji alikuwa anautaka uenyekiti wa mtaa. Watu wanamwita Bwana Karibu, maana hana neno jingine mdomoni. Ukigonga, karibu. Ukipiga chafya, karibu. Jumamosi hiyo aliitisha watu uwanjani karibu na bomba, kipaza sauti mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Halikuwa limepigwa pasi na mimi.

"Nyumba yangu ni nyumba yenu!" alinguruma. "Shamba langu ni shamba lenu! Nani aliwahi kuniomba kitu nikamnyima? Asimame!"

Nikasimama.

"Mimi sijawahi kukuomba, shemeji. Leo naomba."

Watu wakageuka. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Karibu, shemeji, karibu! Omba!"

"Naomba ruhusa ya kuokota kuni. Lile rundo lako la pale mpakani."

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini machoni liliondoka.

"Shemeji yangu, pale pana nyoka. Nakuhurumia."

"Usinihurumie. Nyoka wa ukoo wenu nimeishi nao, tunajuana."

Uwanja ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake akapaza sauti, "Mpe! Mtu anaomba kuni, haombi figo!"

"Si umesema shamba lako ni letu?" mwingine akadakia.

Shemeji akamtazama mama yake aliyekuwa ameketi mstari wa mbele. Mama mkwe akainamisha kichwa.

"Basi chukua, shemeji."

"Nichukue kidogo au zote?"

"Zote."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Naapa, chakula cha jioni hiyo kilikuwa na ladha nyingine.

Kesho yake nikaanza. Ningeweza kukodi mkokoteni nikalimaliza rundo mara moja. Sikutaka. Nilitaka aone likipungua. Nilitaka kila asubuhi akinywa chai anione nikiingia na kamba yangu, na kila asubuhi chai imkwame.

Nilifunga mizigo midogo midogo. Kila mzigo niliupitisha mbele ya baraza la shemeji, polepole, kama bibi harusi. Mama mkwe alikuwa hapo na ungo wake, anachambua mchele.

"Mama, tazama mzigo."

Hatazami. Mchele umekuwa msahafu.

"Shemeji, tazama mzigo."

"Nenda," anasema, midomo imekauka.

Geti lilikuwa wazi, na bombani, ng'ambo ya njia, wanawake walikuwa wanachungulia huku ndoo zao zikijaa.

"Dobi! Nyoka wamekuuma?"

"Bado wanajipanga!"

Wanacheka, mimi nacheka, shemeji anaingia ndani na kufunga mlango. Pipa langu lilichemka siku hizo kuliko wakati wowote, na kila nikisukuma kuni motoni nilisema kimoyomoyo, hii ni ya uzio, hii ya mtaro, hii ya kuniita mwizi wa miti.

Rundo liliposhuka likafika kifuani, mama mkwe alikuja mpaka pale nilipokuwa. Mama huyu tangu mwanawe atoweke hajaniita jina jingine zaidi ya "dobi". Nikiugua hanijulii hali. Siku hiyo alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu."

Nilidhani kuna mtu nyuma yangu.

"Mwanangu, hizi kuni zimeoza. Zinakutesa kwa moshi tu. Nitakununulia mkaa. Gunia zima."

"Mama, mimi leo nimekuwa mwanao?"

"Umekuwa siku zote."

"Siku zote hizo ulikuwa unaninyima hata chumvi, mama."

Akaishika kamba yangu kwa mikono miwili. Nikafurahi. Sitawadanganya, ndugu zangu, nilifurahi kuona mama mzee ananibembeleza. Nikasema moyoni, wanakiogopa kigingi. Wamejua wanaumbuka.

"Nakuomba kama mama," alisema.

"Na mimi naomba kama dobi. Nipishe, nafunga mzigo."

Akaondoka anaburuta kandambili.

Siku iliyofuata shemeji akaja kwangu mwenyewe. Kwangu! Mtu aliyekuwa akipita uchochoroni anaziba pua. Alisimama kwenye mvuke wa pipa, jasho linamtiririka.

"Shemeji, tuyamalize kifamilia."

"Familia ipi?"

"Kiwanja chako kichukue. Chote. Kesho nahamisha uzio kwa mikono yangu."

Nilikuwa nakamua shuka. Likaniponyoka, likazama tena pipani. Ndicho nilichokiombea kila nilipopiga magoti, na huyu hapa ananipa bila ugomvi.

"Na kigingi?" nikamuuliza.

"Kigingi gani?"

"Ulichokifunika kwa rundo. Unadhani sijui?"

Hapo likatokea jambo ambalo sikulielewa. Mtu aliyekamatwa na wizi anashtuka, sivyo? Huyu hakushtuka. Mabega yalishuka, akapumua, akawa kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Karibu acheke.

"Ah, kigingi! Kumbe ni kigingi. Ndiyo, shemeji, nakiri. Nilikifunika, shetani alinipitia. Sasa umepata haki yako, kiwanja chukua. Rundo tu liache hivyo lilivyo."

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi sikuwa na akili, nilikuwa na hasira. Ulinivua nguo mchana kweupe, halafu unataka kunivisha gizani?

"Kiwanja nitakichukua," nikamwambia. "Lakini siku nitakayokiweka wazi kigingi, na bomba zima limejaa watu, na wewe umesimama hapo na shati lako la uenyekiti. Siku hiyo."

"Shemeji, nakuomba."

"Kuomba kuna geti lake. Rudi uanzie getini."

Akatoka. Nikamwona anashika ukuta wa uchochoro, anatembea kama mlevi. Nikaimba mpaka jioni.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Niliingia asubuhi. Rundo lilikuwa limebaki magogo ya chini tu, yale mazito, yameshikana na udongo. Shemeji alikuwa amesimama karibu na geti, mikono mfukoni. Mama mkwe yuko barazani na ungo wake, mchele haugusi.

Nikalivuta gogo la kwanza. Nikalivuta la pili. Chini yake ikaonekana ncha ya kijivu.

Kigingi!

Nilipiga magoti, nikapangusa udongo kwa viganja. Alama ya kidole gumba cha mume wangu ilikuwa bado ipo pale juu, alipoibonyeza saruji ikiwa mbichi akasema, "Hii ndiyo sahihi yangu, anayebisha na aje." Machozi yalinitoka, ya furaha, ya hasira, sijui. Kiwanja changu. Kamba zangu zitarudi juani.

Bombani wanawake walikuwa wengi. Nikajaza hewa kifuani niwaite. Nilikuwa nimeshapanga maneno: jamani, njooni mumwone nyoka wa Bwana Karibu.

Ila gogo la mwisho lilikuwa limeegemea kigingi, likakiziba nusu. Nilitaka wakija wakione chote. Nikalishika, nikalivuta kwa nguvu. Likaja, na chini yake kitu kikaja nalo, kimejisokota kwenye mizizi.

Waya. Nyaya nyembamba, zimeliwa na kutu.

Nikavuta. Ukatoka udongo, ukatoka ukingo wa gurudumu. Nikachimba kwa kucha. Ukatoka usukani.

Kwenye usukani kulikuwa na kengele. Kengele ile kofia yake ilipotea zamani, na mimi mwenyewe niliikatia kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, nikakigonga kwa nyundo mpaka kikakaa. Kilikuwa kinatoa sauti mbaya ya bati. Mume wangu alikuwa anasema, sauti mbaya ndiyo inayouza, wateja wanaamka kuja kunyamazisha.

Kifuniko changu kilikuwa pale pale. Na alama za nyundo yangu.

Nilikaa chini. Hewa niliyoijaza kifuani iliniishia bila neno.

Mume wangu aliondoka kwa baiskeli. Mama yake alimwona. Kaenda kwa mwanamke, hata nyuma hakugeuka. Miaka yote hii nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimemlaani mchana na usiku, nimeombea huko aliko asipate usingizi.

Na baiskeli ilikuwa hapa. Hatua chache kutoka kwenye pipa langu.

Nilimlaani bure. Mungu wangu, nilimlaani bure.

"Mama," nikaita. Sauti haikuwa yangu.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama. Ungo ulikuwa umeanguka, mchele umetapakaa barazani. Akashuka, akaja mpaka karibu na kigingi, akaitazama baiskeli kama mtu anayetazama kitu anachokijua mahali kilipo.

"Mama, ulisema ulimwona akienda kwa baiskeli."

"Nilisema."

"Ulimwona?"

Akainama, akaugusa usukani kwa ncha za vidole.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Alinitazama usoni, macho makavu kabisa. Machozi ya mama huyu nadhani yaliisha zamani, tena kwa siri.

"Niliwazaa wawili," alisema. "Walishikana hapa hapa, kwa ajili ya hicho kigingi. Nilipofika alikuwa amebaki mmoja. Ningesema, ningebaki na nani? Niambie wewe, dobi. Ningebaki na nani?"

"Mama, nyamaza!" shemeji akapiga kelele.

"Nimenyamaza miaka sita. Nimechoka."

Nikageuka kumtazama shemeji. Alikuwa anavuta geti.

"Geti la mwokota kuni halifungwi," nikamwambia. Ajabu, ndicho nilichokikumbuka wakati huo, utaratibu.

Akalivuta mpaka mwisho. Likafungwa. Komeo likalia. Bomba, wanawake, barabara, vyote vikapotea, tukabaki watatu na kile kilicho chini ya ardhi.

Akainama kwenye kona ya ukuta. Alipoinuka alikuwa na panga mkononi. Mimi nilikuwa na kamba tu, maana sisi waokota kuni hatuingii na kitu chenye makali.

"Nilikupa kiwanja," alisema, anakuja polepole. Alikuwa analia. "Nilikupa kiwanja, shemeji. Kwa nini hukuchukua kiwanja?"

"Yuko wapi?" nikamuuliza. "Sema tu yuko wapi nimzike."

"Ungechukua kiwanja!"

Mama mkwe akajitupa katikati, akamshika mkono. "Mwanangu, huyu hapana! Huyu hapana!" Mama mzee, mwembamba kama fimbo, akamng'ang'ania, wakawa wanazunguka.

Ningepiga kelele. Lakini nani angenijali? Tangu nianze kubeba lile rundo nilikuwa napiga kelele za utani kila asubuhi, mtaa ulikuwa umezoea. Wangesema dobi kaumwa na nyoka wake, wakacheka.

Hapo ndipo kile kinyongo changu, kilichokuwa kimepotea njia miaka yote, kilipojua pa kwenda.

Nikaokota jiwe. Nikaliinua juu ya ule usukani, nikakigonga kifuniko cha kopo kama mume wangu alivyokuwa akigonga kila alfajiri, mbili za haraka na moja ya kuvuta.

Kutu haikuiua ile sauti. Bati likalia, baya, la kukera, lile lile.

Nikagonga tena. Mbili za haraka, moja ya kuvuta.

Panga likasimama hewani. Shemeji alikuwa ameachama mdomo, hanitazami mimi, anaitazama kengele.

Bombani kelele za ndoo zikakatika. Maji yakawa yanasikika yanamwagika peke yake.

"Jamani," sauti ya mwanamke ikasema nje, karibu kabisa na ukuta. "Hiyo si kengele ya muuza maziwa?"

"Ndiyo hiyo. Mbona inalia humo ndani kwa ndugu yake?"

"Na geti nani kalifunga? Si dobi yuko ndani?"

Nikagonga mara ya tatu. Nikasikia kandambili zinakuja, nyingi, zinakimbia.

Geti likagongwa. Mara ya kwanza kwa viganja, mara ya pili kwa ndoo.

Na tangu nimjue, kwa mara ya kwanza, Bwana Karibu hakusema karibu.